Ng'ombe Niliowabilisa Amerika

Mimi ni fundi wa kusuka mota. Mota ya mashine ya kusaga ikiungua hapa Bariadi huletwa kwangu ikiwa bado inanuka. Naifungua, natoa nyaya zilizoteketea, nasuka shaba mpya, napaka vanishi, naianika, na kesho yake inanguruma tena. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani niliamka siku moja nikaota hisa. Kwenye hisa za magari ya umeme niliingia kama fundi, siyo kama mcheza kamari, ingawa mke wangu mpaka leo haoni tofauti.

Hoja yangu ilikuwa hii, na wateja wote wameisikia, wapende wasipende. Gari la mafuta ni vyuma vingi vinavyosuguana, na kila kimoja kinadai oili yake. Gari la umeme ni mota na betri, na kitu cha kuviongoza. Vilivyobaki ni viti na mabati. Mota haina makuu, ukiipa umeme safi na beringi nzima itazunguka mpaka uzeeke wewe. Kwa hiyo niliposikia huko nje magari yanahamia kwenye mota, nilifurahi kama mtu aliyeambiwa barabara ya lami inapita mlangoni kwake. Dunia nzima ilikuwa inakuja kwenye kazi yangu, na mimi nilikuwa nimeshafika zamani, nimekaa kwenye stuli na koleo mkononi.

Habari ya akili mnemba ilikuja kwa njia nyingine. Mtu mmoja wa Nyashimo aliniletea mota ya mashine ya kukobolea mpunga, kubwa, nzito, na kibao chake kimeandikwa lugha ambayo sikuijua hata herufi. Fundi aliyenitangulia alikuwa ameshaichokoa akaiacha haijulikani nyaya zilipita wapi. Nilikaa nayo siku tatu nikiitukana. Siku ya nne nikakipiga picha kile kibao kwa simu, nikaiuliza ile programu ya akili mnemba aliyoniwekea mdogo wangu, na ikanijibu kwa Kiswahili, taratibu, kama mwalimu mwenye subira: mota ni ya aina hii, inataka koili zipangwe hivi. Nikapanga hivyo. Ikawaka. Nilicheka peke yangu mle bandani mpaka jirani muuza vipuri akaja kuchungulia. Siku ileile niliamua kwamba na huyu mwalimu lazima nimiliki kipande chake.

Tatizo mali yangu yote ilikuwa inatembea kwa miguu minne. Nilikuwa na ng'ombe watatu, niliowanunua mmoja mmoja kwa jasho la shaba, na walikuwa Kimali kwa baba yangu. Baba ni mfugaji. Hajawahi kuwa kitu kingine na hajawahi kutaka. Nikapanda basi nikaenda kumwambia nataka kuwauza wote watatu mnadani ninunue hisa.

Alinisikiliza akiwa anachonga mpini wa jembe. Nilipomaliza akauliza, "Hivyo vitu vinakula nini?"

"Havili, baba."

"Vinazaa?"

"Vinakua. Kampuni ikifanya vizuri, kipande chako kinakuwa kikubwa."

"Nani anavichunga?"

"Wenye kampuni. Wako Amerika. Wao wanafanya kazi, mimi nabaki mwenye mali."

Hapo aliacha kuchonga. Uso wake ukakunjuka kabisa. "Kumbe umebilisa," akasema. "Si ungesema tangu mwanzo."

Kwetu Usukumani kubilisa ni kumpa mtu mwingine ng'ombe wako akufugie. Yeye anakunywa maziwa na kupata samadi, wewe unabaki na ng'ombe na ndama wake. Unaweza kuwa na zizi tupu nyumbani na bado ukawa tajiri, ng'ombe wako wametawanyika vijiji vitano. Ni jambo la kuaminiana, lakini lina sheria zake. Mwenye ng'ombe ana haki ya kwenda kuwaona wakati wowote. Na ng'ombe akifa, aliyempokea lazima alete ngozi. Bila ngozi hakuna kifo, kuna wizi.

Basi baba akaniruhusu. Wale watatu waliuzwa, na mimi kwa kutumia programu ya simu inayonunulia watu hisa za nje nikanunua vipande vya kampuni tatu: moja ya magari ya umeme, moja ya kutengeneza chipu za akili mnemba, na moja inayotengeneza hizo akili zenyewe. Nilipompigia kumwambia, aliuliza rangi zao. Nilikuwa na kazi mkononi na mteja ananisemesha, nikamjibu tu kama anavyojibiwa baba: ya magari ni mwekundu, ya chipu ni mweusi, ya tatu ana mabaka. Nilidhani ni utani wa siku moja.

Tangu hapo kila Jumapili baada ya ibada alinipigia. "Mwekundu hajambo?" Hajambo, baba. "Na mweusi?" Amenenepa sana huyo. "Mwenye mabaka?" Yupo, anachechemea kidogo. Nilimweleza kwamba bei ikipanda simu inaonyesha kijani, ikishuka inaonyesha nyekundu, naye akaelewa palepale: kijani ni masika, nyekundu ni kiangazi. Miezi ile ilikuwa masika matupu. Nilikuwa mtu wa kuvumilika kwa shida. Nilimwambia kila aliyeleta mota kwamba miaka michache tu ijayo hapa Bariadi nitakuwa nasuka mota za magari, nitaweka kibao kikubwa na vijana sita. Mke wangu akasema nianze kwanza na mlango wa choo, ambao ulikuwa na bawaba moja. Alikuwa na haki, na mlango ule ulinitia aibu kwa muda mrefu.

Halafu mdogo wangu akapata mchumba.

Binti alikuwa wa Ipililo, mwalimu wa shule ya msingi, na sote tulimpenda mara moja, kwa sababu mdogo wangu mkaidi yule alikuwa ameanza kufua mashati yake mwenyewe. Tukaenda kuongea mahari, mimi, baba na wajomba wawili. Upande wa pili walikaa baba wa binti, mkulima wa pamba, mtu mpole mwenye kikohozi, na shangazi wa binti, ambaye ndiye hasa aliyekuwa anaongea. Shangazi alitaka ng'ombe kumi na watano. Binti amesoma, akasema, na ada hatukulipa kwa mahindi mabovu.

Baba alikuwa ametenga kumi na wawili, na mimi nilijua hiyo ndiyo hesabu yote aliyoweza kutoa. Kiangazi cha mwaka uliotangulia kilikuwa kimelipunguza sana zizi lake. Tukaongea mpaka jua likageuka. Shangazi hakushuka hata kwato. Mdogo wangu alikuwa ameinamisha kichwa hajui aweke wapi mikono yake.

"Watatu waliobaki wapo," baba akasema. "Ni wa huyu mwanangu mkubwa. Amewabilisa."

Nilitaka kusema kitu, lakini kwetu baba yako akishatamka neno mbele ya wakwe, wewe humfungi mdomo.

"Amewabilisa kijiji gani?" shangazi akauliza.

"Amerika," baba akasema, bila kupepesa.

Mjomba mmoja alianza kukohoa, na nina hakika hakikuwa kikohozi. Shangazi alinitazama mimi, akamtazama baba, akanirudia mimi. Hakucheka. Akasema vema, ng'ombe waliobiliswa ni ng'ombe, lakini hapokei ng'ombe asiyeonwa. Wiki ya pili yeye na kaka yake watakuja Bariadi kuwaona. Wakionekana, ndoa iendelee. Wasipoonekana, kila mtu ashike njia yake.

Kwa hiyo ilikuwa hivyo. Furaha ya mdogo wangu na jina la baba yangu vilikuwa vimefungwa kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Na palepale, kama kwa makusudi, kiangazi kikaingia. Soko lao hufunguliwa jioni ya kwetu, na kila jioni nilikuta wekundu. Kampuni ya magari iliporomoka, wakasema imeuza machache kuliko ilivyotarajiwa. Ile ya chipu ikafuata kwa kuogopa tu. Sikuyumba kiimani, nataka niwe mkweli. Mpaka leo nasema mota itashinda. Lakini imani ni kitu kimoja na mnada ni kitu kingine. Ningeuza wote watatu wiki ile, ningerudi na ng'ombe mmoja na mbuzi.

Walifika siku ya mnada, wamevaa vizuri. Shangazi alikalia stuli yangu, kaka yake akakalia mota ya maji iliyokuwa inasubiri beringi. Nikamsalimu kwa Kisukuma, kama mama yangu, "Mwadila, mayu," akaitikia, akanyoosha mkono. "Nionyeshe."

Nikafungua programu, nikamweleza vizuri, jina la kampuni, idadi ya vipande, bei. Alikitazama kioo muda mrefu.

"Mbona wekundu wote?"

"Bei imeshuka, mayu."

Baba wa binti aliinua kichwa. "Kama pamba?"

"Kama pamba, mzee."

"Ah," akasema, na akanihurumia kwa macho. Mtu aliyelima pamba maisha yake yote hahitaji kuelezwa bei inavyoanguka mtu akiwa ameshavuna.

Lakini shangazi alikuwa bado. Akataka kuongea na mchungaji. Nikamwambia mchungaji yuko mbali, akasema si hiyo ni simu. Sasa hapa nilifanya ujinga ambao mke wangu ananikumbusha kila penye wageni. Nilifikiri, kampuni ya tatu si ndiyo inayotengeneza akili? Na akili yenyewe si ipo humu inaongea? Nikaifungua, nikabonyeza sauti, nikamsogezea simu. "Huyu ni mmoja wao," nikasema.

Shangazi akajiweka sawa kwenye stuli. "Mwadila," akaiambia simu.

Simu ikaitikia vizuri, ikamtakia mchana mwema, ikauliza imsaidie nini. Nikaona amelainika, kwa kweli hakutegemea heshima ile.

"Nimekuja kuhusu ng'ombe wa kijana wangu huyu. Watatu. Hawajambo?"

"Samahani," simu ikasema, kwa ile sauti yake ya subira, "sina taarifa zozote kuhusu ng'ombe hao."

Kaka yake alitazama mota aliyokalia. Shangazi alinirudishia simu polepole, kwa vidole viwili.

"Mchungaji anasema hawajui," akasema.

Nilijieleza mpaka mate yakanikauka. Nilisema mchungaji huyu kazi yake ni nyingine, kwamba hesabu iko kule kwenye programu ya kwanza, kwamba hawajafa. Akanikatiza. "Sijasema wamekufa. Wangekufa ningekudai ngozi. Wewe unasema wapo, wamekonda. Sawa. Mimi siwezi kumtoa binti yangu kwa ng'ombe waliokonda ambao mchungaji wao mwenyewe hawajui. Nileteeni watatu wanaosimama." Akatupa muda hadi mwisho wa mwezi. Wakati wa kuondoka aliuliza bei ya mota za kupandishia maji, akaniambia kazi yangu inaonekana nzuri. Sikujua nicheke au nilie.

Jioni ile nilikaa na simu nikisubiri soko lifunguliwe niuze vyote. Kabla halijafunguliwa, baba akapiga. Nilimsimulia kila kitu, hata lile la mchungaji. Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akasema, "Usiuze."

"Baba, tumepewa mwisho wa mwezi."

"Ng'ombe aliyekonda hauzwi. Utamtupa bure. Subiri mvua zao. Hao watatu wa Ipililo wamepatikana."

"Wamepatikana wapi?"

"Wamepatikana," akasema, akakata simu. Nilijiambia labda wajomba wamechanga. Nitasema ukweli, sikuuliza tena kwa sababu nilipenda jibu lile. Hisa zangu zilikuwa zimepona.

Ndoa ikafungwa, ng'ombe kumi na watano wakaenda Ipililo, shangazi akacheza kuliko watu wote, na alinikumbatia akanidokeza sikioni kwamba nimsalimie mchungaji.

Mvua za kwanza zilipoanguka nikaenda Kimali kusalimia. Mama yangu alinitengea chai. Ilikuwa chai ya rangi. Nyumba ile sijawahi kunywa chai ya rangi tangu nizaliwe. Nikamuuliza maziwa yako wapi, akajishughulisha na kifuniko cha birika. Nikatoka na kikombe mkononi mpaka zizini. Mlango wa miba ulikuwa wazi, samadi imekauka, majani mabichi yameanza kuota katikati.

Nilimkuta baba shambani analima kwa jembe la mkono. Maksai wake wawili, aliowafunza mwenyewe na aliowaongelesha wakati wa kulima kuliko alivyotuongelesha sisi, walikuwa Ipililo. Na ng'ombe wa maziwa pia. Alikuwa amewatoa watatu wa mwisho aliokuwa nao.

Nilikasirika vibaya. Nilipandisha sauti mbele ya baba yangu, kitu ambacho sijawahi kufanya na sitarudia. Nikamwambia hisa siyo ng'ombe, baba, hakuna ng'ombe, hakujawahi kuwa na ng'ombe yeyote Amerika, ni namba tu kwenye kioo, na wewe umetoa maksai wako kwa ajili ya namba.

Aliegemea jembe akanisubiri nimalize.

"Unadhani sijui ng'ombe haingii kwenye simu?" akasema. "Nimechunga tangu sina meno ya mbele."

"Sasa kwa nini ulisema vile mbele ya wakwe?"

Alinishangaa kweli, kama mtu aliyeulizwa kwa nini jua linatoka upande ule.

"Wewe si uliniambia wapo?"

Nililia, na sioni aibu kuliandika. Nilimnyang'anya jembe nikalima mstari mzima bila kuona ninapolima, na naye akasimama nyuma yangu akilalamika kwamba nainama vibaya na nazika magugu badala ya kuyang'oa. Akaongeza kwamba hakuna haraka, si nilisema kila kitu kinakuwa cha umeme, atasubiri trekta la umeme. Alisema kwa utani, lakini nilimjua. Kama ningemwambia linakuja Jumanne, Jumanne angeamka mapema afagie njia.

Jioni nikapanda kwenye mwamba nyuma ya nyumba, ambako mtandao unafika. Bado ilikuwa nyekundu. Nikamuuza yule mwekundu, vipande vyake vyote, akiwa amekonda vilevile. Nilipobonyeza niliumia, maana ndiye niliyemwamini kuliko wote, yule wa mota. Pesa zilichukua siku kadhaa kuingia. Nilisubiri hukohuko Kimali, nikilima. Ndipo nikaziongezea akiba yangu ya kusuka mota, nikaenda mnadani, nikarudi nikiswaga maksai wadogo wawili, wabichi, mmoja ana wazimu kidogo.

Baba aliwazunguka mara mbili. Akawabonyeza mgongoni, akawafungua midomo. Hakufurahi.

"Umemuuza mwekundu."

"Nimemuuza, baba."

"Nilikuambia usiuze aliyekonda."

"Ulisema."

Akanyoosha mkono. "Ngozi iko wapi?"

Nilifungua simu nikampa. Pale mtandao hauvuti, lakini ukurasa ulikuwa umebaki kama nilivyouacha mwambani. Nikamwonyesha pale alipokuwa mwekundu, mstari wa juu, sasa hayupo. Aliisogeza simu mbali na macho, akaikaribisha, akapitisha kidole gumba juu ya ufa wa kioo. Akasema "Wabeja," asante, na hakuniambia mimi, aliiambia ile simu. Halafu akauliza kama mweusi yupo. Nikamwambia yupo, na mwenye mabaka yupo. Akaniamuru hao nisiwaguse mpaka mvua zao zinyeshe, akanirudishia simu kwa mikono miwili, akaenda kumfunga kamba yule maksai mwenye wazimu, ambaye tayari alikuwa anakula mahindi ya jirani.

Jumapili iliyofuata nilikuwa bandani kwangu Bariadi, nimeinamia mota ya mashine ya kusaga, simu ikaita. Alikuwa baba. Kwa miaka miwili alianza na mwekundu kila Jumapili, na siku hiyo pia alivuta pumzi ya kuanzia hapo, akaiachia.

"Na wewe," akasema, "hujambo?"